Kiti Kisichojua Sindano

Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwa mume wangu, kifuniko chake kakibana kwa meno, na mimi nimesimama upande wa pili wa gari nikikunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjika. Nililikunja tena. Likawa dogo kama mto wa kichanga, na bado mikono yangu ilikuwa inatafuta pa kulikunjia.

Magari kumi na moja yalikuwa yametolewa uani tangu asubuhi, yamepangwa mstari mmoja, yamevuliwa mashuka. Mashuka yale nilishona mimi, kila gari na lake, na kwenye pembe ya kila moja nikatarizi jina ambalo sisi wafanyakazi tulilipa gari lenyewe. Kulikuwa na Kobe, kulikuwa na Chongo, kulikuwa na Tajiri Mfilisi, kulikuwa na Mama Mkwe ambaye milango yake haikujua kufungwa taratibu. La mwisho kwenye mstari, la kijani kilichoiva, milango miwili, viti vya ngozi rangi ya hudhurungi, ndilo lililokuwa Mwali. Tulimwita Mwali kwa sababu alikaa ndani, hakutoka, hakuguswa.

Mwenye magari hayo alikuwa amekufa miezi minane kabla. Tulimwita Bwana Usiguse, si mbele yake, kwa kuwa neno hilo lilimtoka kinywani mara nyingi kuliko salamu. Usiguse kioo. Usiguse rangi, jasho la mkono lina chumvi. Alikuwa mtu mpole katika mambo mengine yote, na alinunua magari ya zamani jinsi watu wengine wanavyookota watoto yatima, ila yeye akishawaokota hakuwaruhusu kucheza. Jumapili aliendesha moja, kutoka gereji mpaka getini na kurudi. Sasa binti yake, ambaye gari kwake ni kitu cha kukufikisha, alikuwa anayapeleka yote mnadani, na kabla ya mnada alikuwa amekuja mthamini.

Mthamini alikuwa mtu mwembamba, suruali yake ina mistari miwili ya pasi, na alivaa kitaa kidogo kwenye paji la uso. Siku tatu alilala chini ya magari akasoma namba. Mengine aliyaandika ukurasa mmoja. Mwali alimwandikia kurasa sita.

"Magari kama hili yamebaki matatu tunayoyajua," alimwambia binti. "Mengine mawili yameshonwa upya ndani. Hili likiwa na ngozi yake ya kiwandani, mbele na nyuma, basi ni peke yake. Lakini sitaandika kwa kuona tu. Nataka mtu aliyekaa nalo athibitishe kwa mkono wake."

Binti akamwangalia mume wangu, fundi wa magari yale, na watu wote pale uani wakamwangalia, na mume wangu akajinyoosha. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, mgongo umeshaanza kupinda, lakini pale alirudi kuwa mlingoti.

"Kiti hiki hakijaona sindano," alisema.

Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia mara nyingi kuliko jina langu.

*

Miaka ishirini na miwili kabla ya siku hiyo, Jumanne, saa nne asubuhi, mtu alikuja getini kwa baiskeli akasema mama mkwe wangu yuko taabani, na kama Fundi anataka kumkuta aondoke sasa hivi. Mume wangu alikuwa ameinama kwenye boneti ya Mwali, ameshatoa betri, ameishika kifuani.

Mimi nilimwona kwa dirisha la chumba changu cha kushonea, lakini nilikuwa napiga cherehani, sikutazama kwa makini. Namkumbuka amesimama na ile betri akizunguka nayo kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Ubao wa kuwekea betri ulikuwa na giaboksi la Kobe. Rafu imejaa. Na sakafuni hakuweza kuiweka, maana mafundi wote wa wakati ule waliamini, na wengine mpaka leo wanaamini, kwamba betri ikilala juu ya saruji inakufa, saruji inainyonya. Ungeweza kumshawishi mume wangu aweke kikombe cha chai juu ya msahafu kabla hujamshawishi aweke betri sakafuni.

Akaingia ndani kubadili shati. Nikamfungia nguo mbili. Bwana Usiguse alikuwa safarini, atarudi baada ya wiki tatu. Mume wangu akaondoka.

Siku ya tano ndipo nilipoingia gereji kufuta vumbi, nikasikia harufu kali, ya siki na kiberiti. Nikafungua mlango wa Mwali. Betri ilikuwa kwenye kiti cha nyuma, juu ya gunia lililokunjwa vizuri, kwa adabu kabisa. Ilikuwa imevuja. Gunia limekuwa uji. Nilipoinyanyua, kwa taabu, nikiikokota kwanza mpaka ukingoni mwa kiti, niliona ngozi chini yake imeliwa, kingo zimejikunja, na manyoya ya ndani yanachungulia. Mapande mawili ya kiti, lile la kulia na la katikati.

Nilikaa kwenye kizingiti cha mlango. Sikulia. Nilikuwa najiuliza tutahamia wapi. Sheria ya pale ilikuwa moja, na Bwana Usiguse aliisema kwa upole uleule aliokuulizia hali ya watoto: anayeharibu, anaondoka. Vyumba vyetu viwili vilikuwa nyuma ya gereji ileile. Na mwenye kosa alikuwa mahali fulani amekaa chini na wanaume wenzake, anazika mama yake.

Basi nikachukua wembe.

Nilifumua yale mapande mawili tundu moja baada ya jingine, nikayatandika mezani, nikayahesabu. Matundu saba kwa kila upana wa kidole gumba changu. Stoo kulikuwa na kiti kikubwa cha ofisi ya Bwana Usiguse, kimevunjika mguu, kimesahauliwa, ngozi yake inakaribiana rangi na ile ya Mwali, na ya mgongoni haikuwahi kupigwa na jua. Nikakata hiyo. Nikailoweka kwenye chai ya rangi iliyochemshwa mpaka ikawa chungu, nikaianika kivulini, nikaipaka kiwi, nikaisugua kwa gunia, nikaipaka tena. Uzi niliupitisha kwenye nta ya mshumaa. Ngozi mpya ina kiburi, haikubali mikunjo mpaka ikaliwe, kwa hiyo siku nne nilimenya viazi vyangu, nikachambua maharage yangu, nikasuka nywele za binti yangu, nimeikalia. Kisha nikaishona mahali pake, kwa mkono, kwa sindano iliyopinda, nikipita tundu kwa tundu alimopita yule mtu wa kiwandani ambaye sikuwahi kumjua.

Tatizo lilikuwa moja. Mimi natumia mkono wa kushoto. Mshono wangu hulalia upande mwingine, kama nyasi zilizopigwa na upepo tofauti, na mume wangu alikuwa akinitania kwa hilo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa: "Wewe hata ukishona gizani, mimi nitajua ni wewe." Kwa hiyo nilishona kwa mkono wa kulia. Nilijichoma mpaka vidole vikakataa kushika kijiko. Siku ya kumi na sita nikamaliza.

Betri niliiburuta mpaka kwenye ubao. Giaboksi la Kobe nilikuwa nimelisukumia pembeni.

Mume wangu alirudi amekonda, ndevu zimemjaa, sauti imebaki huko alikotoka. Mtu ametoka kuzika mama yake, utamwambia nini? Nilijiambia, apumzike, kesho. Kesho yake alikuwa amekaa na shati la mamake magotini. Nilijiambia, kesho kutwa. Siku ya nne aliingia gereji, akaiona betri juu ya ubao, akasimama, akatikisa kichwa, kisha akamwambia mlinzi, "Unaona? Hata siku ya msiba, mkono wa fundi hausahau." Naye aliyaamini hayo. Nilimwona usoni, alikuwa anajikumbuka anaiweka pale.

Neno likilala siku nne linaota mizizi. Nikaliacha.

*

Ningekuwa nimefanya hivyo tu, labda ningesimama mbele ya Mungu bila wasiwasi mkubwa. Lakini kulikuwa na mpiga rangi.

Hii ilikuwa miaka saba baadaye. Mpiga rangi alikuwa mtu mzima, mcheshi, ana mke na watoto watatu, alikuwa anaimba kwa pua akifanya kazi. Siku moja alisahau kitambaa chenye petroli kwenye kiti cha mbele cha Tajiri Mfilisi. Kikaacha baka dogo, la ukubwa wa sahani ya kikombe. Bwana Usiguse alimwachia mume wangu aamue.

Mimi nilikuwa palepale, nimepiga magoti kwenye mlango wa gari, nashona zulia, sindano mdomoni.

"Fundi," mpiga rangi alisema, "ni baka. Mama Fundi atalitoa baka hili kabla ya adhuhuri. Muulize."

"Simuulizi. Umeweka petroli juu ya kiti."

"Nimesahau, kaka. Wewe hujawahi kusahau?"

"Kwenye kiti? Sijawahi."

"Hata mara moja?"

"Muulize mke wangu."

Mpiga rangi akanigeukia. Alikuwa anatabasamu, maana tulikuwa watu wa kutaniana, alidhani nitamsaidia. "Mama Fundi, tuambie ukweli wa mumeo."

Nilitikisa kichwa, nikaonyesha sindano mdomoni, kwamba siwezi kusema. Mtu wa kuitoa sindano ile mdomoni nilikuwa mimi peke yangu.

Jioni mpiga rangi na watu wake walipita getini na magodoro yao kichwani. Mkewe aliniaga vizuri tu.

*

Asubuhi ile ya mthamini nilijaribu. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye stuli anapiga viatu kiwi, anatema mate kidogo, anasugua, anatazama kama ataona meno yake.

"Baba Watoto," nilisema, "lazima utie saini wewe?"

"Nani mwingine anamjua Mwali?"

"Si waandike tu wenyewe. Ndiyo kazi yao."

"Namjua Mwali kuliko ninavyokujua wewe," alisema, akacheka, akanipiga kidogo begani kwa brashi ya viatu. "Usiwe na wivu."

Nami nikacheka. Nimeshawahi kujiuliza ni kicheko cha namna gani kile.

Kwa hiyo tukafika pale uani, kalamu mkononi, karatasi juu ya boneti. Binti aliisoma kwa sauti: kwamba yeye, fundi wa magari haya kwa miaka thelathini na mmoja, anathibitisha kuwa viti vyote ni vya asili na havijapata kushonwa upya. Mthamini, kwa kutaka tu kumpa heshima mzee wa watu, akaongeza, "Unajua, Fundi, wanunuzi wa gari la namna hii wanakuja na wataalamu wao. Wanang'oa kiti, wanageuza, wanasoma mshono kwa chini kama barua. Ndiyo maana neno lako ni muhimu. Likipatikana tofauti, anayeitwa mahakamani ni aliyesaini."

"Waje," alisema mume wangu. "Wageuze."

Kwa juu nilikuwa nimejificha vizuri. Lakini kwa chini, kwenye mafundo ya mwisho, vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshakataa kazi, nami nikafunga kwa mkono wangu.

"Usitie saini," nilisema.

Hakunisikia, au alidhani nasema na mtu mwingine. Ikabidi nirudie.

"Baba Watoto. Usitie. Kiti kimeona sindano."

Akatoa kifuniko cha kalamu mdomoni. Alikuwa bado na tabasamu la kunitania. "Sindano ya nani?"

"Yangu."

Binti wa Bwana Usiguse alifumba macho kidogo. "Mama Fundi. Miaka yote hii, leo ndiyo umeona ni siku ya kusema?"

"Leo ndiyo ya mwisho, mwanangu."

Mthamini aliwasha kitaa chake, akaingia nyuma, akang'oa kiti, na mume wangu akamfuata akainama. Nilimwona akipitisha kidole kwenye mshono wa juu, akaenda nao, akarudi nao. Mume wangu alikuwa anasifika kwa vidole. Alikuwa anashika injini inayonguruma anakwambia ni valvu ya ngapi. Kidole kilisimama. Kikarudi tena. Hakikuona kitu. Halafu mthamini akakipindua kiti, akamulika mafundo, na mume wangu akayatazama kwa muda mrefu. Alikuwa ameyajua.

"Kwa nini?" aliniuliza.

Nilikuwa nimetayarisha uongo wa kutosha kwa sisi wote wawili. "Nilimwaga maji ya betri. Mimi. Ulikuwa msibani."

"Maji ya betri uliyafanyia nini?"

"Nilikuwa naihamisha betri."

"Kutoka wapi?"

Betri ile alijua siwezi kuinyanyua kutoka chini, na kutoka kwenye rafu ingeniangukia. Alikaa kwenye ukingo wa mlango wa Mwali, palepale nilipokaa mimi, akaanza kufanya alichokuwa akifanya kila siku na gari lililoharibika. Alianza mwanzo.

"Ilikuwa Jumanne," alisema, si kwangu. "Rafu imejaa. Ubao una..."

"Giaboksi la Kobe."

"Sakafuni nisingeiweka."

"Usingeiweka."

Mahali pengine palikuwa hapajabaki. Aliweka kiganja juu ya kiti cha mbele, kile ambacho kweli hakijaona sindano, akakaa hivyo. Binti alitaka kusema neno, mthamini akamzuia kwa mkono.

"Na mpiga rangi?" mume wangu aliuliza.

"Nilikuwepo."

"Najua ulikuwepo. Mimi ndiye niliyemwambia akuulize wewe."

Kisha akainuka, akaomba karatasi nyingine. Hakuwa mwandishi mwepesi, herufi zake zilikuwa kubwa na kila moja aliisimamisha kwanza kabla ya kwenda kwa inayofuata. Aliandika kwamba kiti cha nyuma cha gari hili kiliunguzwa na betri, kwamba aliyeiweka betri ni yeye, na kwamba cha mbele ni cha asili. Akasaini. Mthamini akasoma, akauliza kwa sauti ya chini, "Na aliyeshona nimwandike nani?"

Mume wangu aliangalia viatu vyake vilivyong'aa.

"Andika hajulikani," alisema.

*

Mwali aliuzwa. Alinunuliwa na mtu ambaye hakufungua hata mlango, alinyoosha kidole mara nne, nyundo ikagonga, akarudi kwenye simu yake. Tuliyaona hayo kwa mbali, mimi na mume wangu, tumesimama nyuma kabisa na watu wa kubeba viti vya kukodi. Yale mengine yote hayakunihusu. Nilikuwa namtazama yeye. Alikuwa hajaniuliza lolote tangu siku ile uani, wala hakuwa amenigombeza, na chakula alikuwa anakula, na kunishukuru alikuwa ananishukuru.

Nyundo ilipogonga ndipo aliponigeukia.

"Kuna kingine?"

Nilifikiri anauliza kama kuna gari jingine kwenye orodha. Halafu nikaona macho yake.

"Hakuna," nilisema.

Ilikuwa kweli. Katika miaka thelathini na minne ya ndoa sikuwa na kingine nilichomficha, si cha mwanamume, si cha fedha, si cha mtoto. Kilikuwa kimoja tu na nilikuwa nimeshakitoa. Lakini aliitikia "Haya" kwa namna ambayo nilijua haikuingia, na hapo nikaelewa kwamba ukweli wangu na uongo wangu vilikuwa vimeshonwa kwa mkono mmoja, na kidole chake hakikuwa na njia ya kuvitenganisha.

Tulihamia kwa binti yetu, tukapata chumba chenye dirisha zuri. Tuliishi kwa wema. Ila mara kwa mara, anamenya chungwa, au tunapanga nguo zilizokauka, angeniuliza bila kuinua macho, "Kuna kingine?" Nami ningesema hakuna. "Haya." Miaka tisa. Alimtafuta mpiga rangi kwa barua na kwa watu, akaambiwa alihama, akaambiwa alikufa, akaambiwa yule mnayemsema siye. Hakunishirikisha katika kumtafuta. Nilikuwa nakuta bahasha tu.

Alipolazwa mara ya mwisho nilikuwa nakaa naye kila siku saa za kutazama wagonjwa, kuanzia saa tisa alasiri. Wodi ilikuwa na vitanda vinane na feni moja inayogeuka kama inakataa. Siku ile nilikuwa namkata kucha. Alikuwa mwepesi sana, mkono wake ulikuwa unakaa kwenye wangu kama kitu nilichoombwa nishike kidogo.

"Mama," alisema. Hakuwa ameniita hivyo muda mrefu. "Kuna kingine?"

Nilifungua mdomo kusema neno lilelile. Nikamtazama. Alikuwa anasubiri, amechoka, kama mtu aliyesimama kwenye mlango anaojua una mtu ndani.

"Kipo," nilisema.

Akafumbua macho vizuri.

"Ile redio yako ya bluu," nilisema. "Iliyovunjika mwaka ule wa mvua. Nilikwambia ilianguka yenyewe. Niliiangusha mimi, nikipangusa kabati. Niliogopa kukwambia."

Uso wote ukamlegea, mashavu, paji, hata masikio, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mthamini aliniminya mkono.

"Nilijua," alisema. "Nilijua tu."

Akalala. Nilimaliza kucha za mkono wa pili taratibu nisimwamshe.

Redio ile ilianguka yenyewe. Mimi nilikuwa nje, naanua nguo.